Damu Kwenye Kipulizio

Jumanne, 4 Machi

Nimekasirika. Naandika ili nisivunje sahani.

Leo ilikuwa zamu ya bendi yetu kupimwa afya. Kila mwaka ni yale yale — macho, presha, mkojo, nenda zako. Mwaka huu wameongeza meno. Nikalazwa kwenye kiti. Daktari mwenyewe msichana, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, ananichokoa fizi kwa kijiti cha chuma chenye alama huku akimtajia nesi namba. Tatu. Nne. Sita. Saba. Nikadhani ni maksi. Nikipata saba najisemea moyoni, hapo sawa. Alipotaja nne nikaona kaninyima.

Kumbe ni kina! Milimita. Ufizi ukiwa mzima, kile kijiti kinazama mbili, tatu, basi. Mimi kinazama mpaka saba. Yaani kuna mifuko kati ya meno na fizi, na humo ndani kumejaa ugaga, ule uchafu uliogeuka jiwe, na mfupa unaoshika meno unaliwa taratibu. Damu kila alipogusa. Kisha akaweka kidole kwenye jino langu la mbele, la juu kushoto, akalisukuma. Likacheza.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi ni mpiga tarumbeta wa bendi ya jiji, miaka ishirini na mbili, kiti cha kwanza, kinachoongoza safu, miaka tisa. Fizi za mpiga tarumbeta zinatoka damu. Ndiyo kazi yenyewe. Akaniuliza nani kaniambia hivyo. Nani kaniambia? Kila mtu kaniambia. Akasema, "Mama, tarumbeta halimtoi mtu damu kwenye fizi za nyuma huku." Mama. Mama yake nani?

Anataka kunisafisha kwa kina, chini ya fizi, kwa sindano ya ganzi, nusu ya kinywa wiki ijayo na nusu wiki inayofuata. Nisipokubali, meno mawili ya mbele hayamalizi miaka miwili. Na bila meno ya mbele kipulizio nitakiegemeza wapi? Kile kikombe cha chuma hakikai kwenye midomo mitupu. Hilo hakulisema yeye. Nimejiambia mwenyewe, njia nzima.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Baba. Alikuwa anakunywa chai, akacheka mpaka meno yake ya bandia yakateleza. Eti nimuulize huyo daktari kama amewahi kupuliza hata filimbi. Eti madaktari wakikosa ugonjwa wanautunga.

Baba alikuwa kiti cha kwanza. Mjini wanamwita Mkuu mpaka leo. Akafuata huyu bendimasta wetu wa sasa, mwanafunzi wake, kisha mimi. Baba alistaafu na miaka hamsini na moja, hana hata jino moja, na kila mtu anajua sababu: tarumbeta liliyala. Anavyolisema hilo utadhani anaonyesha nishani.

Nakumbuka siku damu ilipoonekana mara ya kwanza kwenye kipulizio changu. Safu nzima ya tarumbeta ilisimama ikapiga makofi, Baba katikati yao. Kwetu ndivyo — mdomo umeiva, umekuwa mwenzetu. Na unafundishwa kabisa: ikitoka damu usiiguse kwa mswaki, iache ikomae. Nimeiacha ikomae miaka ishirini na zaidi. Sehemu ya mbele napitisha mswaki juu juu tu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu.

Leo anijie mtu na kijiti chake anifundishe kazi yangu. Siendi ng'o.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezini. Tunajiandaa na ufunguzi wa jengo jipya la mahakama, tarehe 21 Juni. Kuna solo, ni yangu. Mwishoni kuna sauti moja ya juu, ndefu, bendi nzima imenyamaza, nimebaki peke yangu. Sauti hiyo mimi naweza kuipiga nikiwa nimelala.

Leo imekatika. Mara tatu.

Na sababu niliihisi. Nikikandamiza kipulizio, jino linarudi nyuma. Kidogo tu, unywele. Lakini sauti inajua.

Kifua, anayekaa kiti cha pili pembeni yangu, akajitia kupanga karatasi zake za nota. Hajawahi kunitakia mabaya, huyo. Ila nilimwona akikiangalia kiti changu, sio mimi, kiti. Bendimasta akasema tupumzike dakika kumi. Huyu mtu hajawahi kumpumzisha mtu dakika kumi tangu azaliwe.

Nimepiga simu kliniki. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Sio kwamba nimeamini. Nataka tu daktari anyamaze.

Alhamisi, 13 Machi

Upande wa kulia.

Sindano nne. Ile ya juu mbele, karibu na pua — sikulia, machozi yalitoka yenyewe. Kisha mashine. Inatoa sauti nyembamba iliyo katikati ya nota mbili, haiko huku wala kule, saa nzima. Mwenye sikio anateseka mara mbili. Maji yanarushwa, nesi anayafyonza kwa mrija. Halafu anachukua vyuma vya mkono vyenye ncha iliyopinda, anaingia chini kabisa, anakwangua mizizi ya meno. Huhisi maumivu, unasikia. Ndani ya fuvu. Kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria.

Na anaimba. Daktari. Anakwangua huku akiimba kwa pua, na hata kuimba kwenyewe hajui.

Mwishoni kanionyesha kipande cha shashi, kimejaa vipande vyeusi vidogo vidogo. Nikamuuliza vya nani. Akaninyooshea kidole mdomoni.

Mazoezi yalikuwa saa tisa. Nilikwenda. Mjinga mimi! Nusu ya mdomo wa juu haipo, nimepuliza, hewa ikatokea pembeni, mate yakanitiririka mpaka kwenye kola ya sare. Kifua akanipa kitambaa bila kuniangalia. Nikadanganya kwamba nimeng'oa jino la nyuma. Kung'oa hakuna aibu, kila mtu anang'oa. Kusafishwa ndiyo aibu. Ukisafishwa, basi ulikuwa mchafu.

Ijumaa, 14 Machi

Maji ya bomba yamenipiga shoti kwenye meno. Chai pia. Hewa pia. Na mimi nalipwa mshahara kwa ajili ya kupuliza hewa.

Alhamisi, 20 Machi

Upande wa kushoto. Nimemaliza.

Kaniuliza kama kwetu kuna aliyepoteza meno mapema. Nikasema Baba, yote, kabla ya hamsini na moja, kwa ajili ya tarumbeta. Nimelisema kwa fahari, nusu ya uso ina ganzi, maneno yananitoka yanateleza. Akaweka vyuma chini. Akasema, taratibu, kwamba ugonjwa huu mara nyingi hutembea kwenye ukoo, na kwamba meno ya Baba pengine yangeokolewa kwa hiki hiki tunachofanya hapa. Hata wakati ule. Sio jambo jipya hili, akasema.

Nikamwambia asimseme baba yangu. Nikataka niinuke niondoke, nikakumbuka nina mrija mdomoni.

Kanipa dawa ya kusukutua na vibrashi vyembamba vya kupenyeza katikati ya meno, kila siku, hata pakitoka damu — hasa pakitoka damu, kasema. Kinyume kabisa na nilivyolelewa. Baada ya wiki nane atapima tena. Hapo ndipo atajua meno ya mbele yanabaki au yanakwenda. Miezi miwili nisubiri hukumu, na hukumu yenyewe atanisomea milimita kwa milimita.

Jumapili, 30 Machi

Ameniharibu. Nimejitazama kwenye kioo, meno yamerefuka, na kati ya yale ya mbele kuna mianya! Nyeusi, pembetatu. Nikipuliza, hewa inapita humo na kutoa mluzi mdogo. Ugaga ulikuwa umeziba, sasa ametoa ukuta na upepo unaingia ndani.

Nilimpigia daktari simu hivyo hivyo, Jumapili. Nikamwambia yote. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, na mimi pumzi ninazo. Akasema fizi zilikuwa zimevimba, sasa zimenywea zikarudi zilipo, ninachokiona ndicho kimo chao cha kweli. Akauliza, je, zinatoka damu? Nikakata simu.

Nimekwenda kupiga mswaki kwa hasira, kwa nguvu zote, makusudi. Nikatema. Povu jeupe.

Nikatema tena. Jeupe.

Sijawahi kuona mate yangu meupe tangu nikiwa na miaka ishirini na moja. Nikabaki nimeinamia sinki hapo.

Jumamosi, 5 Aprili

Sasa sikia kituko. Baada ya mazoezi tunafuta vipulizio, kila mtu na kitambaa chake, tumejipanga kwenye benchi. Kitambaa cha Kifua kina wekundu. Cha yule mpiga trombone, kina wekundu. Changu kisafi. Bendimasta akapita, akakiangalia, akauliza mbele ya watu kama siku hizi napiga au nabembeleza. Wakacheka.

Nina fizi nzima kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi na nimeitwa mvivu! Nilitaka kumjibu. Nikafunga sanduku langu.

Na sauti yangu ya juu leo imesimama, haikukatika. Ina mluzi kidogo, lakini imesimama. Hilo hakuna aliyelisema.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jioni Baba alikuwa kwenye karo, anasugua meno yake ya bandia. Kila siku anayasugua, mbele, nyuma, katikati, kwa mswaki na dawa. Meno ya plastiki! Nimesimama mlangoni namwangalia, nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Baba, hivi meno yako yalitokaje hasa?"

Akasema yale ya siku zote. Tarumbeta.

Nikasema hapana. Nikamweleza yote, mifuko, mfupa, ugaga, namba zangu, nilivyosafishwa, mate meupe. Nilimweleza kwa upole, Mungu anajua. Nilidhani namletea habari. Nilikuwa namwonea huruma, kwamba mzee atasikia leo kuwa meno yake yalikwenda bure.

Akayarudisha meno mdomoni kwanza. Kisha akakaa. Kisha akasema, "Niliambiwa."

Akiwa na miaka arobaini na sita, daktari alimwambia aende mara nne asafishwe chini ya fizi, na asipulize mwezi mmoja. Mwezi mmoja, mwanangu, anasema, kiti kingekwenda. Kulikuwa na watu wawili wanakinyemelea. Na wenzake wangemwita nani, mtu anayelazwa kusuguliwa kinywa kama mtoto? Hakwenda hata mara moja. Miaka mitano baadaye alikuwa hana cha kuegemeza kipulizio. Watu wakauliza imekuwaje. Angewaambia alikataa? Akawaambia tarumbeta liliyala. Wakampenda zaidi.

Nimepiga hesabu nikiwa nimesimama hapo hapo. Mimi niliingia bendi akiwa na arobaini na nane. Siku nilipotoka damu mara ya kwanza, safu nzima iliposimama, yeye alishaambiwa miaka miwili nyuma. Alijua ile damu ni nini. Alijua, na akanipigia makofi.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Ulinipigia makofi, Baba." Akasema alifikiri mimi labda mdomo wangu ungekuwa tofauti. Mdomo wangu! Mdomo wangu si ni wake?

Nimetoka nikafunga mlango. Sikuubamiza. Nimeufunga polepole, na nimeona hiyo inauma zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Sisemi naye. Chakula chake nimekiweka mezani nimekifunika. Akala. Akaosha sahani yake.

Jumapili, 27 Aprili

Bado. Shikamoo asubuhi, marahaba, basi. Anavyonywea siku hizi namwonea huruma, halafu nakumbuka makofi, huruma inaisha.

Vibrashi kila siku. Sijaruka hata siku moja. Yeye ananisikia nikisugua, maana karo iko karibu na chumba chake. Asikie.

Alhamisi, 15 Mei

Kupimwa tena.

Safari hii najua kusikiliza. Tatu. Mbili. Tatu. Tatu. Nesi anaandika, daktari anataja, mimi nimeshika mikono ya kiti. Nyuma kote, mbili na tatu. Palipokuwa na saba, tatu. Akaacha hata kuimba, akanipiga bega, akasema nimefanya kazi. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani, sisemi uongo.

Akafika mbele juu. La kulia, tatu, limeshika. La kushoto, tano. Akalisukuma. Linacheza bado.

Mfupa ulioliwa haurudi, anasema. Tumesimamisha ugonjwa, hatukurudisha kilichokwenda. Jino lenyewe linaweza kuokoka. Atalifunga kwa nyuma na wenzake wawili, waya mwembamba na gundi, likae limetulia. Lakini nisiweke kipulizio miezi mitatu. Nisiguse kabisa.

Nikamuuliza tarehe 21 Juni. Siku moja tu. Solo moja. Akasema waya unaweza kuvumilia, lakini hadhani kama jino litavumilia.

Nimemwambia afunge. Sikufikiri, nilisema tu, funga. Nikiwa nje ndipo nilipohesabu. Miezi mitatu bila kiti. Baba alishindwa mwezi mmoja.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika barua ya kumwomba bendimasta ruhusa, miezi mitatu, na kwamba kiti changu kishikiliwe. Nimeandika mara nne. Mara mbili nimeandika "matatizo ya kiafya." Mara moja nimeandika "mgongo." Nikaichana ya mgongo. Ndivyo inavyoanza, naona. Mtu anaandika mgongo, miaka inapita, anapigiwa makofi.

Ya nne imeandikwa ugonjwa wa fizi.

Baba alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Akaisoma, hakuomba ruhusa. Akasema Jumatatu atakuja na mimi. Nikamwambia sitaki aniombee. Kiti ni changu, fizi ni zangu, na kama anakuja kuwaambia tena tarumbeta linakula watu, abaki nyumbani. Akasema, "Sitasema hivyo." Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyofanya tangu Aprili.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika kwenye benchi la koridoni, nje ya ofisi ya bendimasta. Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Baba alivaa koti lake la bendi, la zamani. Bendimasta akasimama kumwamkia, akamvutia kiti, mimi nikabaki wima na barua. Akaisoma. Akacheka kidogo. Akasema, fizi? Kila mtu hapa ana fizi. Akamgeukia Baba, akamwambia, Mkuu, mweleze binti yako, wewe si ulipiga mpaka jino la mwisho, na hatujapata mwingine kama wewe. Na sherehe imebaki mwezi mmoja. Mimi nikikaa nje miezi mitatu, Kifua anakaa kiti cha kwanza, na kiti hakimsubiri mtu. Alisema yote haya kwa tabasamu.

Nikafungua mdomo nimjibu. Baba akaniwahi.

Akasema, "Nilidanganya." Hivyo tu, bila kupanga maneno. Akasema tarumbeta halikula kitu. Aliambiwa asafishwe, alikataa kwa sababu ya kiti hiki hiki, akapoteza meno na kiti vyote, kisha akawaficha ukweli. Akasema, "Na wewe nilikuficha. Wewe ndiye wa kwanza niliyekufundisha usipige mswaki penye damu. Kabla ya huyu." Akaninyooshea mkono. Akakohoa, akaendelea. Akasema nisipopewa ruhusa yeye ataingia pale kwenye mazoezi aseme mbele ya safu nzima, na atavua meno awaonyeshe.

Sikujua kama ningeweza kumwangalia. Nikamwangalia. Mzee, koti limempwaya mabegani. Hasira yangu ilikuwepo bado, yote, haijapungua hata punje. Lakini nilisogea nikasimama upande wake.

Bendimasta akaacha kutabasamu. Midomo imefungwa, ulimi ukaanza kutembea ndani ya shavu, taratibu, jino moja baada ya lingine. Ana miaka arobaini na saba. Nikamuuliza, vipi kuhusu kiti changu?

Akaivuta barua karibu, akachukua kalamu, akaiweka. Akamwambia Baba atangulie nje kidogo. Tulipobaki wawili akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, hiyo sindano ya ganzi, inauma sana?

Mimi nauliza kiti, yeye anauliza sindano! Nikamwambia ile ya mbele juu, ndiyo, inauma. Nyingine za kawaida. Akaitikia kwa kichwa. Akasema nisubiri nje, ana simu ya kupiga. Mlango ameufunga. Nusu saa sasa. Barua niliiacha mezani kwake, haijasainiwa, na namba ya kliniki aliyoniomba nikitoka ameiandika juu yake, kwenye pembe.